Bi Raisa wa Piano Zilizotumika

Mara ya kwanza nilipomwona Raisa Dolgikh alikuwa amepiga magoti mbele ya piano, kichwa kimezama ndani yake kama fundi aliyeingia chini ya gari. Kilichoonekana ni mgongo, na miguu iliyovaa soksi nene za sufu, ingawa ilikuwa mwezi wa tano na mji mzima wa Guangzhou, kusini mwa China, ulikuwa unatoka jasho.

Nilikuwa nimefuatana na kaka Ghalib, mfanyabiashara wa Unguja mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo mtaa wa Sanyuanli. Ghalib alizoea vigae, makochi na milango ya alumini. Mwaka ule wa 2023, shule moja ya Dar es Salaam ilimwagiza piano nne zilizotumika, na yeye maishani mwake hakuwahi hata kuigusa piano. Mimi nilikuwa mwaka wa nne wa masomo ya uzamivu, nachunguza udongo wa mashamba ya mpunga, na siku ambazo sikuwa na kazi maabara nilimfanyia ukalimani. Kichina changu kilitosha kwa udongo na kwa bei. Cha piano sikuwa nacho.

Ghala lilikuwa nje kidogo ya mji, upande wa Panyu. Ndani kulikuwa na piano zaidi ya mia mbili, nyingi zimetoka Japani, zimesimama safu kwa safu kama ng'ombe mnadani. Mwenye ghala, Bwana Ou, alikuwa ametutengea sita ili tuchague nne. Zote ziling'aa mpaka unajiona uso. Akatuonyesha yule mama aliyepiga magoti, akasema huyu ndiye mpimaji wao, Lai laoshi, yaani mwalimu Lai, maana jina la Raisa liliwashinda Wachina wengi.

Raisa akatoka mle ndani, akajifuta vumbi. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sitini na mitano, nywele zake nyeupe amezikata fupi, na ilionekana amezikata mwenyewe. Aliuliza swali moja tu: piano zinakwenda wapi? Nikamwambia zinakwenda mji wa pwani, penye joto na unyevu mwaka mzima. Akaitikia kwa kichwa, akaiendea ya kwanza.

Nilitarajia apige wimbo. Hakupiga. Alibonyeza kibao kimoja cha sauti nene, akakishikilia, akainamisha kichwa akasubiri mpaka sauti ikaisha kabisa. Akabonyeza kingine, akasubiri tena. Kisha akafungua kifuniko cha juu na kuzishika zile pini za chuma zinazokaza nyuzi, moja baada ya nyingine, kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni muda wote.

Kazi ile ilichukua saa mbili. Ghalib alitoka nje mara tatu kupokea simu. Mwishowe Raisa akasimama mbele ya Bwana Ou na kusema kwamba katika sita zile, nzuri ni mbili. Nne zilizobaki, ubao unaoshikilia pini umepasuka, ukajazwa gundi na kupakwa rangi juu yake. Kwenye hewa ya pwani hazitamaliza mwaka.

Bwana Ou alicheka, kisha akamvuta pembeni. Nilisikia maneno yao nikajifanya sisikii. Alimkumbusha ni nani anayemlipa. Raisa hakupandisha sauti.

"Umeniweka hapa nisikilize," alisema. "Nimesikiliza."

Nilimtafsiria Ghalib yote, na la gundi na la nani anamlipa nani. Akazinunua zile mbili, na Bwana Ou, kwa kuona haya, akatoa nyingine mbili kutoka nyuma ya ghala ambazo Raisa alizipima na kuzikubali. Lakini tulipokuwa tunaondoka nilimsikia Bwana Ou akimwambia Raisa asije wiki ijayo, wala ile itakayofuata, mpaka atakapoitwa.

Teksi ilipokuwa inavuka mto, Ghalib alinigeukia.

"Sia, yule bibi kaniokoa," alisema, "na mimi nimemkatia riziki."

Nilimwambia aliyemkatia ni Bwana Ou. Hakuridhika. Sisi tumekwenda pale asubuhi, akasema, tumeondoka mchana, na mtu hana kazi. Ijumaa ile akaniletea sufuria ya biriani iliyopikwa na mpishi wa Kitanzania pale Sanyuanli, akanituma nimpelekee, na akanionya nisimwambie kwamba amemwonea huruma. Nimwambie tu kwamba ni Ijumaa. Jina lake lilikuwa limemvutia pia. Kwao Unguja akina Raisa wapo, na tangu siku hiyo hakumwita vingine ila Bi Raisa.

Raisa alikuwa anaishi Kangle, kwenye vile vichochoro vya mafundi cherehani, ghorofa ya nne, juu ya karakana ya kushona suruali. Mashine zilitetemesha sakafu kutoka asubuhi. Alinipokea bila kushangaa, akala biriani kwa kijiko akiwa amesimama, kisha akanitengenezea chai nyeusi yenye jemu ndani yake. Nilitazama kile chumba. Palikuwa na kitanda, meza, vitabu vya noti za muziki vimepangwa ukutani hadi usawa wa kifua. Piano haikuwepo.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwamba lifti hakuna na ngazi ni nyembamba. Nilirudi wiki iliyofuata na ile iliyofuata, kwanza kwa sababu ya sufuria ya Ghalib, baadaye kwa sababu yangu mwenyewe, na ndipo nilipoyasikia maisha yake, kipande kwa kipande.

Alizaliwa mwaka 1958 katika mji mdogo kando ya mto uitwao Kama, karibu na milima ya Ural. Baba yake aliangukiwa na magogo akafa, Raisa akiwa na miaka minne. Mama yake alikuwa anaosha mabehewa ya treni, na kwa kuwa hakuwa na pa kuwaacha watoto, aliwaacha katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli, Raisa na dada yake mkubwa, Nyura. Ukumbini kulikuwa na piano ambayo vibao vyake viligandana wakati wa baridi. Kulikuwa pia na mwanamke mzee, Albina Karlovna, aliyehamishiwa kule kwa nguvu wakati wa vita kwa sababu tu asili yake ilikuwa ya Kijerumani. Alikuwa ameajiriwa kukata tiketi za sinema. Mchana, kabla watu hawajafika, alimfundisha Raisa. Alimwosha mikono kwa maji ya moto kwanza, ndipo amruhusu kubonyeza.

Kwenye miaka kumi na mitano alipata nafasi ya kusomea muziki mji mkubwa wa Sverdlovsk. Nyumba yao haikuweza kuwaruhusu watoto wawili waondoke, na mama alikuwa ameanza kuumwa mgongo. Nyura, ambaye alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, alibaki akashika ndoo na brashi za mama. Raisa aliniambia jambo hilo haraka, kama mtu anayevuka barabara yenye magari.

Mwaka 1981 alishika nafasi ya pili katika shindano kubwa. Kuanzia hapo alipiga piano karibu miaka kumi, maonyesho themanini kwa mwaka, akilala kwenye treni. Hakupelekwa sana Ulaya; alipelekwa kwenye miji ya migodi na ya mbao, kaskazini na Siberia, penye piano zilizokosa nyuzi. Aliniambia habari za mji mmoja ambako wachimbaji wa makaa walitoka mgodini moja kwa moja hadi ukumbini, nyuso nyeusi, na kila mmoja alikuja na gazeti la kukalia ili asichafue kiti. Alipomaliza kupiga hawakumpigia makofi. Walisimama wote, magazeti mikononi, wakakaa kimya. "Sijapata kupewa heshima kama ile tena," aliniambia.

Kisha nchi ile ikavunjika. Ofisi iliyokuwa inampangia maonyesho ilianza kumlipa kwa sukari, halafu kwa sufuria, halafu ikafungwa. Mume wake, mpiga selo, ile fidla kubwa, alihamia Ujerumani akaahidi kumwita, na hakumwita. Mwaka 1998, akiwa na miaka arobaini, aliona tangazo la kazi ya miezi sita: hoteli moja ya Guangzhou ilitafuta mpiga piano wa ukumbi wa mapokezi. Akaja na sanduku moja. Ile miezi sita ikawa miaka kumi na mitatu.

Pale hotelini alipiga piano nyuma yake kukiwa na maji yanayotiririka ukutani, mbele yake watu wakipiga gumzo na kunywa chai. Walimtaka apige nyimbo za sinema. Mwaka wa kwanza alilia. Mwaka wa pili akaanza kuchomeka tungo kubwa za piano katikati ya nyimbo za sinema, leo sehemu moja, kesho nyingine, na kwa wiki moja alikuwa amemaliza onyesho zima la usiku mmoja wa zamani. Hakuna aliyetambua, isipokuwa mwanamke wa usafi aliyekuwa anapiga deki ngazi, ambaye kila Raisa alipoanza sehemu ya polepole alikuwa anapiga deki ngazi ileile moja mpaka iishe.

Nilimuuliza habari za mkono katika ziara ya nne au ya tano. Aliutoa mfukoni akauweka mezani kati ya vikombe. Haukuwa na kovu wala uvimbe. Akaniambia nimwangalie. Akajaribu kugonga meza kwa vidole vitano kwa zamu, na kidole cha pete na kile kidogo vikajikunja vyenyewe kuelekea kiganjani, polepole, kama majani ya kifauwongo yakiguswa.

Ulianza mwaka 2009. Hauumi, alisema, kwa kijiko na kwa ufunguo mkono unafanya kazi kama wa mtu yeyote, lakini ukifika kwenye piano unajikunja. Daktari alimweleza kwamba ugonjwa uko kwenye ubongo, kwamba vidole vilivyofanya kazi moja kwa zaidi ya miaka arobaini mwisho huchanganyikiwa. Aliuficha miaka miwili. Alipanga upya kila wimbo ili upigike kwa vidole vitatu. Halafu siku moja, katika harusi, mkono wote ukafunga ngumi juu ya vibao mbele ya maharusi. Kesho yake akamwambia meneja kwamba amechoshwa na hoteli. Wazazi wa wanafunzi aliokuwa akiwafundisha piano majumbani mwao aliwaambia ameamua kupumzika, kwani jukwaa lilimchosha. Bwana Ou, aliyekuwa amemuuzia piano mzazi mmoja, ndiye aliyemchukua kupima piano ghalani.

"Na dada yako ulimwambiaje?" nikamuuliza.

Nyura, alisema, alimpigia simu kila mwezi, na kila mwezi Raisa alimsimulia onyesho. Alimtajia nyimbo alizopiga, gauni alilovaa, maua aliyopewa. Kwa miaka kumi alitunga maonyesho zaidi ya mia. Nyura alifariki mwaka 2021, wakati mipaka ya China imefungwa kwa sababu ya korona na Raisa hakuweza kwenda hata kumzika. Mpwa wake alimwambia kwamba siku za mwisho mama yake aliwaeleza wauguzi habari za mdogo wake anayepiga piano katika kumbi za Guangzhou.

"Kwa nini hukumwambia ukweli?"

"Alibaki na ndoo ili mimi niondoke," Raisa alisema. "Ningemwambia nini? Kwamba vyote viwili vimepotea, sauti yake na mkono wangu?"

Siku ile nilirudi chuoni kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Mimi mwenyewe kila Jumapili nilikuwa namwambia mama yangu, kule Moshi, kwamba utafiti unakwenda vizuri. Ukweli ni kwamba sampuli zangu za miaka miwili ziliharibika wakati tulipofungiwa na sikuweza kufika shambani, na hakuna aliyejua kama nitamaliza. Sikumlinganisha Raisa na mimi. Maisha yake yalikuwa makubwa kuliko yangu. Lakini Jumapili iliyofuata nilimwambia mama kila kitu. Akauliza kama udongo mwingine hauchotwi. Nikasema unachotwa. Akasema basi niuchote.

Mwezi wa tisa Bwana Ou alipanda zile ghorofa nne mwenyewe. Nilikuwepo. Alifika anahema, shati limelowa, akakaa bila kukaribishwa. Moja kati ya zile piano nne zilizokataliwa alikuwa amemuuzia mwalimu mmoja wa hapohapo mjini, na pini zilianza kulegea kabla ya miezi minne. Yule mwalimu ameeleza habari hiyo kwenye makundi yote ya wazazi. Wanunuzi sasa wanauliza nani anapima. Bwana Ou hakuomba radhi kwa maneno. Alisema ghala limekosa sikio.

Raisa alimmiminia chai. Akasema atarudi kwa sharti kwamba piano moja, ile kubwa ya kulala yenye mkia mrefu nyuma, iliyoko pembeni karibu na dirisha, isiuzwe, na kila Jumapili mchana ghala liwe lake. Bwana Ou aliuliza ya nini, na mkono wake haupigi. Kumbe alikuwa anajua. Alijua tangu mwanzo, alisema, mtu anayeficha mkono mmoja mfukoni miaka kumi na miwili huonekana. Raisa akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Usiopiga ni mkono mmoja," Raisa alisema. "Ninao mwingine."

Baadaye alinieleza kwamba zipo kazi zilizotungwa kwa mkono wa kushoto peke yake, na yeye alizijua tangu ujana lakini alizidharau, aliziona kama mazoezi ya vilema. Tangu aache kupiga hakuwahi kuzifungua. Aliogopa, alisema, kwamba akipiga kwa mkono mmoja itakuwa amekubali kwamba wa pili umekufa.

Ilimchukua miezi minne ya Jumapili. Nilikwenda mara mbili nikiwa na vitabu vyangu, nikakaa nyuma ya safu za piano. Kwa saa nzima angeweza kurudia mstari mmoja, na ukisikiliza bila kutazama ungedhani ni mwanafunzi mbaya. Mkono wa kushoto ulikuwa umezoea maisha yake yote kubeba uzito chini, sasa alikuwa anaufundisha kuimba. Ghalib, aliyepokea picha za piano zake zikishushwa bandarini salama, aliniuliza kila tulipoonana: bibi amefikia wapi?

Mwezi wa kwanza mwaka 2024, wiki chache kabla ya mwaka mpya wa Wachina, aliwaalika watu. Ilikuwa Jumapili saa tisa mchana. Walikuja mafundi cherehani kumi na kitu wa jengo lake, waliokuwa wanakaribia kufunga kazi warudi kwao, wazazi na wanafunzi wake wa zamani, Bwana Ou na mke wake, Ghalib katika kanzu na koti, na mimi. Tulikalia vile viti vya piano visivyouzwa, kila kimoja na urefu wake, hivyo wengine walionekana hadi kiunoni na wengine kichwa tu.

Raisa alisimama mbele yetu katika gauni jeusi la zamani. Aliutoa mkono wa kulia, akauinua ili wote wauone, akasema kwa Kichina kwamba mkono huu uliacha kupiga mwaka 2011, na kwamba aliowaambia kuwa alichoka jukwaa aliwadanganya. Nilimtafsiria Ghalib kwa kunong'ona. Akasema pia kwamba alikuwa na dada, akamtaja jina, na kwamba onyesho la leo ni la kwanza kati ya yale aliyokuwa amemsimulia. Hakueleza zaidi ya hapo. Wengi hawakuelewa, mimi nilielewa.

Akapiga. Sina maneno ya muziki ule. Ninachokumbuka ni kwamba mkono mmoja ulishuka chini kuchukua sauti nene, ukaiacha ikiendelea kulia, ukaruka juu kuimba kabla ile ya chini haijaisha. Katikati ya kipande cha pili alikosea. Akasimama. Niliona mkono wa kulia umeinuka wenyewe kutoka mapajani pake, vidole viwili vimejikunja. Akautazama kidogo, akaurudisha mahali pake, akaanza upya ukurasa ule tangu juu. Safari hii akapita.

Alipomaliza watu walipiga makofi, na mafundi cherehani walipiga kuliko wote. Ghalib, ambaye hana haya kuuliza, alikwenda mpaka kwenye piano na kunitaka nimtafsirie.

"Bi Raisa, samahani. Wakati mkono ule mwingine unapiga, huu wa kulia ulikuwa unafanya nini?"

Raisa alifikiri kweli.

"Mwanzo ulikuwa na wivu," alisema. "Baadaye ukasikiliza."

Ghalib akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa jambo la biashara akalielewa vizuri. Mke wa Bwana Ou akaleta machungwa, na mazungumzo yakageukia nani anasafiri lini na treni gani.

Raisa bado anapima piano, na Bwana Ou sasa hazipaki rangi kabla hazijapimwa. Ana wanafunzi watatu watu wazima, mmoja wao fundi wa suruali wa ghorofa ya chini, mwanamke wa miaka hamsini mwenye vidole vigumu, ambaye Raisa anasema ana subira kuliko vijana wote aliowahi kuwafundisha. Mpwa wake alipewa rekodi ya onyesho lile pamoja na barua ndefu yenye ukweli wote. Alijibu kwa mstari mmoja, kwamba mama yake alikuwa anajua. Muda mrefu alikuwa amegundua kwamba maua yale ni mengi mno. Raisa alinisomea jibu hilo mara mbili, kisha akalikunja.

Nilichota udongo mwingine, nikamaliza mwaka mmoja nyuma ya wenzangu. Siku niliyokwenda kumuaga, alikuwa yuko kazini ndani ya piano, na alinisalimia kutoka mlemle. Nilimsubiri. Alipotoka alinikumbatia, akanipa chupa ya jemu kwa ajili ya mama yangu, kisha akaangalia saa na kuniambia niende, kwa sababu bado zilikuwa piano tatu, na mnunuzi alikuwa njiani.